Harvey Cushing: Daktari aliyeeleza kwa nini presha hupanda ubongo ukibanwa

WAZAZI wanaotoka Mbagala wilayani Temeke au Tandale wilayani Kinondoni kuwapeleka watoto wenye vichwa vikubwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), huenda hawajapata kulisikia jina la Harvey Cushing. Hata hivyo, usalama wa mtoto aliyelazwa kwa dawa ya usingizi unatokana kwa sehemu na kazi ya daktari huyo.

Cushing alizaliwa Aprili 8, 1869 mjini Cleveland, Marekani, katika ukoo wa madaktari. Akiwa mwanafunzi wa udaktari Harvard, alipewa jukumu la kumvutisha mgonjwa etha, dawa ya usingizi ya enzi hizo. Mgonjwa yule akafia mezani. Cushing hakuikimbia fani. Mwaka 1894 yeye na mwenzake, Ernest Amory Codman, walianza kuandika katika chati mapigo ya moyo na upumuaji wa mgonjwa muda wote wa upasuaji.

Mwaka 1901, akiwa Bern, Uswisi, kwa Profesa Theodor Kocher, alifanya majaribio kwa wanyama. Alionyesha kwamba ubongo ukibanwa ndani ya fuvu, mwili hupandisha shinikizo la damu ili damu iendelee kuufikia, huku mapigo ya moyo yakipungua. Mwaka huohuo, mjini Pavia, Italia, alikiona kipimo cha presha cha Scipione Riva-Rocci, akakipeleka Marekani na kukiingiza katika chumba cha upasuaji.

Somo hilo lina uzito hata leo. Katika upasuaji wa ubongo kwa bomba jembamba lenye kamera, maji hupitishwa ndani ili daktari aone vizuri. Njia ya kutokea ikiziba, mgandamizo hupanda upesi. Presha hupaa na mapigo huweza kushuka ghafla. Mtaalamu wa usingizi hakimbilii dawa ya kushusha presha, kwa kuwa presha hiyo ndiyo inayoulisha ubongo. Kwanza humtahadharisha mpasuaji, ili maji yafungwe na yaliyokwama yatolewe. Mara nyingi mapigo hurejea.

Mwaka 1926 Cushing alitunukiwa Tuzo ya Pulitzer kwa kitabu cha maisha ya William Osler, na kufikia 1931 alikuwa ameshapasua uvimbe wa ubongo 2,000. Alifariki dunia New Haven, Oktoba 7, 1939, akiwa na umri wa miaka 70. Chati aliyoianzisha akiwa mwanafunzi ingali ikijazwa katika vyumba vya upasuaji duniani kote.