Stori ya Gandhi: Sala, Tope la Tumboni na Malaria

Ukiwa Dunga ukingoja mbuta yako ikaangwe, cheki hayo maji. Yanatoka ziwani pale Jinja, ambapo sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa 1948.

Huyo buda alikuwa wa tiba asili hardcore: sala na kutafakari kila siku, Jumatatu haongei, akiumwa anafunga na kujipaka tope tumboni. Poa.

Lakini Februari 1944, wakiwa wamezuiliwa na Waingereza huko Pune, mkewe Kasturba alizidiwa. Kijana wao Devdas akaagiza penisilini. Gandhi akapinga sindano. Kasturba akafariki.

Wiki sita hivi baadaye Gandhi akashikwa na malaria, na wewe wa Kisumu unaijua. Mwanzoni alijaribu juisi na kufunga. Wapi! Akameza kwinini, homa ikaisha.