Koitalel na Jicho la Mwenye Hila

Mtu humwona mwenzake kwa jicho la hulka yake. Mwenye moyo safi hudhani kila moyo ni safi, na mwenye hila huona hila hata katika mkono ulionyoshwa kwa amani. Tuliosoma chuoni tulionywa mapema kwamba dhana mbaya ina dhambi yake. Nayakumbuka mafunzo hayo kila nipitapo katika mashamba ya chai ya Kericho, nikawaza habari za marehemu Koitalel arap Samoei.

Koitalel alikuwa Orkoiyot wa Wanandi, yaani kiongozi wa dini aliyetegemewa pia kwa shauri la vita. Alikuwa wa ukoo wa Talai, mwana wa Kimnyole arap Turukat. Baba huyo aliuawa kwa marungu na watu wake wenyewe mwaka 1890, walipomtwika lawama za maafa yaliyowafika. Wana wakagombania urithi. Kufikia mwaka 1895 Koitalel alikuwa amethibiti Unandi, na nduguye, Kipchomber arap Koilege, akahamia kwa Wakipsigis, katika nchi ambayo leo ni Kericho na Bomet.

Mwaka huo huo Waingereza wakaanza kupigana na Wanandi. Reli ikaja, ikafika Kisumu mwaka 1901. Wanandi wakakata nyaya za simu wakajifanyia mapambo, na vyuma vya reli wakavifua silaha. Kwa muda wa miaka 10 serikali ilipeleka majeshi mara kwa mara, wala isimpate Koitalel.

Ndipo alipotokea afisa wa King's African Rifles, Richard Meinertzhagen. Ilipangwa wakutane kwa mazungumzo tarehe 19 Oktoba, 1905, kule Nandi Hills. Koitalel akaja, naye akapigwa risasi akafa, pamoja na wafuasi wake. Afisa alijitetea kwamba Koitalel ndiye aliyetega mtego, naye alimtangulia tu. Mabaraza matatu ya uchunguzi yalimwondolea hatia, lakini mwaka 1906 aliondolewa katika nchi hii.

Basi na tumtazame huyo aliyeona hiana kwa mwenziwe. Aliishi hadi mwaka 1967, akasifika kuwa shujaa, jasusi na bingwa wa elimu ya ndege. Lakini katika miaka ya 1990 wataalamu walipoipekua mikusanyo yake, walikuta ndege wengi walioibwa katika majumba ya makumbusho na kubandikwa maandishi ya uongo. Shajara zake nazo zikachunguzwa, yakaonekana humo mambo ambayo hayakutokea. Nyani haoni kundule. Sidai kuyajua yaliyokuwa moyoni mwa Koitalel asubuhi ile. Nasema tu kwamba shahidi mkuu wa hila yake alikuwa mtu ambaye hila ilikuwa kazi yake ya maisha.

Na dhana ya mtu mmoja haikomi kwake akiwa na bunduki na kalamu. Serikali ilirithi jicho lile lile. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, aliwekwa kizuizini mwaka 1923, asiachiliwe hadi 1964. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha Talai, na waliokuwa kwa Wakipsigis wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, wazee kwa watoto. Hawakuhukumiwa kwa tendo la kila mmoja. Walihukumiwa kwa ukoo. Afisa aliyezoea kutawala kwa hofu alipowaona watu wakimheshimu mzee wao, hakuona heshima, aliona uchawi na uchochezi. Waliporudi, wengi wao walijikuta hawana ardhi, hapo hapo Kericho ambako majani ya chai yamewatajirisha wengine.

Mwaka 2006 mwana wa Meinertzhagen alizirudisha Kenya fimbo tatu za Koitalel ambazo babake alizichukua. Fimbo zimerudi, ardhi ni shauri jingine. Nasi tunaosoma habari hizi tusijione tumeokoka. Kila tumwitapo jirani mjanja, mchawi au mwizi kabla hajatenda lolote, inafaa tujiulize kwanza: sifa hiyo tumeiona kwake, au tumemvika yetu?