Mekatilili na Utabiri wa Mepoho

Atajwapo Mekatilili wa Menza huku kwetu Kilifi na Malindi, wengi humkumbuka kwa kuku wake. Yasimuliwa kwamba mwaka 1913, Bwana Champion, afisa wa Kiingereza, alipodai vijana wa Kigiriama, bibi huyo alimletea kuku na vifaranga akamtaka atwae kimoja. Bwana aliponyosha mkono akadonolewa. Kisa ni kitamu, lakini silaha yake kubwa ilikuwa jina la mwanamke aliyetoweka zamani.

Mwanamke huyo ni Mepoho. Masimulizi ya Wagiriama yasema alitabiri watu wenye nywele kama nyuzi za mkonge, vyombo vya kwenda nchi kavu na angani, na vijana wasio na adabu. Kisha akazama ardhini.

Utabiri huo ulikuwa wa majonzi tu. Mepoho hakuamrisha vita. Mekatilili ndiye aliyeugeuza ukawa amri. Alipita vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu wakamfuata hadi Kaya Fungo. Huko akawafahamisha kwamba waliotabiriwa ndio hawa wanaodai kodi ya nyumba na vibarua. Yeye na Wanje wa Mwadorikola wakawalisha watu viapo: mukushekushe kwa wanawake, fisi kwa wanaume.

Oktoba 1913 Serikali iliwakamata, ikawapeleka Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarejea kwa miguu mamia ya kilomita. Tarehe 4 Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Siku hiyo hiyo Uingereza iliingia vitani na Ujerumani, na haja ya wapagazi ikazidi. Mapigano yakazuka. Wagiriama wapatao 150 waliuawa, nyumba zikachomwa, faini ya rupia 100,000 ikatozwa, na waliokaa kaskazini ya mto Sabaki wakaamriwa kuhama.

Mekatilili alikamatwa tena, akaachiliwa mwaka 1919, akafariki katika miaka ya 1920. Kaburi lake liko Bungale, Magarini.

Waama, kwa bunduki Wagiriama walishindwa. Lakini baadaye waliruhusiwa kurudi ng'ambo ya Sabaki, na leo sanamu ya bibi huyo imesimama katika bustani ya mji wa Malindi. Wenye haja ya ujasiri sasa humtaja yeye, kama yeye alivyomtaja Mepoho.