Kinue Hitomi: Binti aliyekimbia mita 800, wakubwa wakazifuta kwa miaka 32

UKIMTAJA Pamela Jelimo kwa shabiki wa riadha wa Afrika Mashariki, atakujibu Beijing 2008. Binti wa Kenya, miaka 18 tu, alichomoka mapema, akawaacha dada zake kwa mbali na kumaliza mita 800 kwa dakika 1:54.87. Akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki.

Wengi hawajui kwamba mbio hizo hizo ziliwahi kufutwa kwa wanawake kwenye Olimpiki. Siyo mara moja wala mbili, ni miaka 32 mizima. Kisa ni fainali moja iliyopigwa Amsterdam, Agosti 2, 1928, na aliyeshika nafasi ya pili siku hiyo ni mtu ambaye kila msichana anayevaa njumu leo anapaswa kumjua.

Anaitwa Kinue Hitomi, Mjapani. Na kwa sisi wa kurasa hizi ni mwenzetu kabisa, maana kazi yake ilikuwa uandishi wa habari.

MTOTO WA SHAMBA

Hitomi alizaliwa Januari 1, 1907 mkoani Okayama, magharibi mwa Japani, kwenye familia ya wakulima. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, na alipofika sekondari ya wasichana alianza na tenisi. Raketi ndiyo iliyomtoa, riadha ilikuja baadaye.

Mwaka 1923, akiwa na miaka 16, walimu walimwingiza kwenye mashindano ya mkoa. Akaruka chini mita 4.67, umbali ambao hakuna msichana wa Japani aliyekuwa ameufikia, ingawa haukuingia kwenye rekodi rasmi. Basi, hapo ndipo watu wakashtuka.

Kumbuka Japani ya wakati ule. Msichana wa umri huo alitegemewa kukaa nyumbani, kujifunza mapishi na ushonaji, kisha kusubiri posa. Kukimbia uwanjani miguu ikiwa wazi mbele ya kadamnasi ilikuwa aibu kwa ukoo.

Lakini alikuwepo mama mmoja, Tokuyo Nikaido, aliyesomea mazoezi ya viungo Uingereza na kufungua chuo chake Tokyo. Hitomi alijiunga nacho mwaka 1924. Kule akapata alichokikosa kijijini: ratiba, mwalimu, na wenzake wa kushindana nao. Kipaji bila mpangilio ni kama mbegu juu ya jiwe.

MMOJA DHIDI YA DUNIA

Mwaka 1926 aliajiriwa na gazeti la Mainichi la Osaka. Mwaka huo huo akasafiri kwenda Gothenburg, Sweden, kwenye Michezo ya Dunia ya Wanawake.

Michezo hiyo ilikuwa na historia yake. Mfaransa Alice Milliat alikuwa amechoka kuona milango ya riadha ya Olimpiki imefungwa kwa wanawake. Akaunda shirikisho la wanawake mwaka 1921, na mwaka uliofuata akaandaa mashindano yao Paris.

Hitomi alikwenda Gothenburg akiwa Mjapani pekee. Alisafiri kwa treni kukatiza Siberia, siku baada ya siku. Alipofika, hakufanya utani. Alishinda kuruka chini kwa mita 5.50, rekodi ya dunia, akashinda pia kuruka kwa kusimama, na akatangazwa mchezaji bora wa mashindano yote.

Mei 1928 akaisogeza rekodi ya kuruka chini hadi mita 5.98. Rekodi hiyo ilikaa miaka 11 bila kuguswa.

AMSTERDAM

Presha ya akina Milliat ilizaa matunda. Olimpiki ya 1928 ikawapa wanawake riadha kwa mara ya kwanza, lakini kwa kijiko: matukio matano tu. Mita 100, mita 800, kupokezana vijiti, kuruka juu na kurusha kisahani. Kuruka chini, ambako Hitomi alikuwa malkia, hakukuwemo.

Akaweka matumaini yote kwenye mita 100. Akatolewa nusu fainali. Dhahabu ikaenda kwa Betty Robinson wa Marekani, msichana wa shule mwenye miaka 16.

Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Nchi nzima inakusubiri, gazeti lako linakusubiri, na wale waliosema mwanamke hana kazi uwanjani nao wanasubiri, tena hao kwa hamu zaidi. Kurudi mikono mitupu kungewapa ushahidi.

Hitomi akaamua kuingia mita 800. Hakuwa mkimbiaji wa umbali huo. Yeye ni mtu wa mbio fupi na kuruka, na anayejua riadha anajua tofauti yake. Mita 100 unaweza kuzimaliza kwa nguvu iliyomo kwenye misuli. Mita 800 zaidi ya nusu ya nguvu inatokana na hewa, yaani moyo na mapafu ndivyo vinavyobeba mzigo. Pumzi ya namna hiyo inajengwa kwa miezi ya mazoezi. Siku mbili tatu hazitoshi.

Fainali ilikuwa na wakimbiaji tisa. Lina Radke wa Ujerumani aliongoza mwishoni, Hitomi akamfuata kama kivuli. Radke akamaliza kwa dakika 2:16.8, rekodi ya dunia. Hitomi akawa wa pili kwa 2:17.6, kisha akaanguka kwa uchovu. Inga Gentzel wa Sweden akachukua shaba. Wa nne alikuwa Jean Thompson wa Canada, binti wa miaka 17.

Kwa Japani ilikuwa siku ya maajabu. Siku hiyo hiyo Mikio Oda alishinda miruko mitatu na kuipa nchi dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, na Hitomi akawa Mjapani wa kwanza mwanamke kupata medali.

KALAMU ZILIPOHARIBU

Kumbe shida ilikuwa inakuja. Baadhi ya magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika habari ya kutisha: wanawake wamelala uwanjani kama maiti, wengine wameshindwa kumaliza. Wapo walioandika kuwa wakimbiaji walikuwa 11 na watano waliachia njiani.

Ukweli ni kwamba walikuwa tisa na wote tisa walimaliza. Wachache walijilaza chini baada ya utepe, jambo ambalo wanaume wamelifanya tangu riadha ianze na hakuna aliyewafutia mbio.

Lakini wakubwa walikuwa wakitafuta sababu, wakaipata. Ikasemwa mbio ndefu zitamzeesha mwanamke na kumharibia uzazi. Mita 800 zikaondolewa. Zilirudi Roma mwaka 1960. Mita 1,500 zikaja mwaka 1972, na marathoni mwaka 1984. Vizazi viwili vya wasichana wenye mapafu mazuri viliambiwa pumzi zao hazifai.

DENI LILILOMUUA

Hitomi hakupumzika. Aliandika habari, akatoa mihadhara, akafundisha wasichana. Mwaka 1930 alitaka asiende tena peke yake, hivyo michango ikapitishwa, pamoja na senti za wanafunzi wa kike. Septemba akaongoza kikosi cha wasichana sita, yeye akiwemo, kwenye michezo ya wanawake Prague. Akashinda kuruka chini kwa mita 5.90 na kuokota medali nyingine.

Baada ya Prague waliendelea kushindana miji mingine ya Ulaya, na Hitomi alikuwa anaingia karibu kila tukio. Mwili ukachoka. Nyumbani nako wapo waliolalamika kwamba matokeo hayakulingana na fedha zilizochangwa. Maneno hayo yalimuuma. Aliporudi alizunguka kuwashukuru waliochangia, huku kazi ya gazeti ikimsubiri mezani.

Mwaka 1931 mapafu yalianza kumsumbua, yale yale yaliyompeleka kwenye medali. Akalazwa Osaka. Nimonia ilimchukua Agosti 2, 1931, miaka mitatu kamili tangu fainali ya Amsterdam. Alikuwa na miaka 24 tu.

Wale waliosema mbio zinaua wanawake huenda walitikisa vichwa. Lakini ukifuata hesabu vizuri, utaona mbio hazikumuua. Kilichommaliza ni kukosa pumziko: mtu mmoja kubebeshwa kazi ya timu nzima, na kuona haya kusema amechoka.

MBEGU ILIOTA

Prague kuna kumbukumbu yake kwenye makaburi ya Olšany. Nyumbani ilichukua miaka 64 mpaka mwanamke mwingine wa Japani apate medali ya riadha ya Olimpiki. Agosti 1992, Yuko Arimori alishika nafasi ya pili kwenye marathoni Barcelona. Naye anatokea Okayama.

Leo Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na angalau siku tatu kwa wiki yawe ya kumtoa jasho na kuhema. Halijasema mvulana tu. Lakini nenda kwenye uwanja wowote wa shule jioni, uhesabu. Msichana aliyekuwa anawashinda kaka zake akiwa darasa la tano, akifika kidato cha pili unamkuta pembeni kashika mabegi ya wenzake. Mwili unabadilika, anaona aibu, nguo za michezo hazipo, na nyumbani kuna maji ya kuchota.

Huyo ndiye anayehitaji alichopewa Hitomi na mama Nikaido: mwalimu, ratiba na wenzake. Na anahitaji pia alichonyimwa Hitomi, mtu wa kumwambia mwanangu, leo pumzika.