Tom Mboya, Bwana Afya wa Nairobi

Alfajiri katika mtaa wa Elgon View, hapa Eldoret, utawaona mabawabu, wapishi na watunza bustani wakiwasili kazini, wengi wao kwa miguu kutoka Langas. Jioni hurejea huko huko. Kila niwaonapo humkumbuka Tom Mboya; si yule tu wa vitabu vya shule, aliyefanikisha safari za wanafunzi kwenda Marekani mwaka 1959, bali Mboya aliyemtangulia huyo.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa kibarua, kisha mnyapara. Katika mashamba ya namna hiyo paa lilikuwa mali ya mwajiri: kazi ikikatika, makao nayo yamekwenda. Mwaka 1948 kijana huyo aliingia Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Akawa Bwana Afya.

Nairobi ya siku hizo ilimhesabu mfanyakazi Mwafrika kuwa kapera mpita njia. Alilipwa ujira wa kapera, akapewa nafasi ya kutandika kitanda kimoja chumbani pamoja na wenzake. Mkewe na wanawe walidhaniwa watalishwa na shamba huko kwao. Kwa sisi wanaisimu jambo hili lina ajabu yake, kwa kuwa neno nyumba katika Kiswahili hubeba kuta na jamaa waliomo kwa pamoja. Mkaguzi aliweza kuandika kwamba chumba kimejaa kupita kiasi. Lakini kumtoa mmoja kulikuwa kumtupa barabarani.

Ndipo Mboya alipogeukia vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho lao. Mwaka uliofuata Kamati ya Carpenter ilipendekeza mshahara wa chini ukadiriwe kwa mahitaji ya mtu mwenye familia. Serikali ilikubali kwa kusitasita. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya alikwenda kuwasemea, na usuluhishi ukawapatia nyongeza ya takriban asilimia 33. Kwa maoni yangu, nyongeza ile ilikuwa sera ya makazi kuliko matofali mengi.

Akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi alisimamia Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965. Hapo simsifu. Waraka huo ulielekeza fedha mahali zitakapozaa upesi, na watu wakazifuata mijini kabla ya vyumba kuwepo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1967. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 38.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 humkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Nyumba hujengwa, naam. Lakini anayezinunua hulipa kila mwezi kwa miaka mingi, na hilo hudai kipato cha hakika. Bawabu wa Elgon View mara nyingi hana hata karatasi ya malipo. Anapanga chumba Langas, mwezi kwa mwezi, na mara nyingi mkewe na watoto wako mashambani.