Edith Stein: Dhamiri Iliyotangulia Imani

Kila tarehe 9 Agosti Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, bikira na mfiadini, ambaye ulimwengu wa wasomi ulimfahamu kwanza kwa jina la Edith Stein. Wengi wetu tunamkumbuka kwa kifo chake katika kambi ya Auschwitz mwaka 1942. Mara hii tungependa kuyatazama maisha yake tukiongozwa na swali linalosikika katika jumuiya zetu ndogondogo, hasa pale mzazi anapoeleza kwa uchungu kwamba kijana wake aliyekwenda masomoni ameacha kusali. Je, mtu asiyemwamini Mungu anaweza kuwa na maadili ya kweli? Na kama anaweza, Mungu anahitajika kwa lipi?

Tumezoea kulijibu swali hili harakaharaka. Wapo wanaosema kwamba asiyesali hana cha kumzuia asiibe wala asiue. Wapo pia wanaosema kwamba wema ni wema tu, na dini ni pambo lake. Edith Stein aliishi pande zote mbili za swali hilo: miaka kumi na mitano hivi bila sala, kisha miaka ishirini akiwa Mkatoliki. Majibu yote mawili ya haraka yanashindwa kuyaeleza maisha yake.

Alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1891 huko Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo na ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Siku hiyo Wayahudi walikuwa wakiadhimisha Siku ya Upatanisho, na mama yake, Auguste, aliithamini sana sadfa hiyo. Edith alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto kumi na mmoja, ambao wanne kati yao walifariki wakiwa wadogo. Baba yake alifariki ghafla akiwa safarini kikazi, Edith akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama akabaki na watoto saba na biashara ya mbao, akaisimamisha biashara hiyo kwa bidii yake mwenyewe huku akishika kwa uaminifu mfungo, sikukuu na sala za wazee wake.

Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 14, Edith aliacha shule kwa muda na kwenda Hamburg kwa dada yake mkubwa, aliyekuwa ameolewa huko. Katika nyumba ile dini haikuwa na nafasi. Hapo ndipo alipoacha kusali, na hakuacha kwa uvivu wala kwa kusahau, bali kwa kuamua mwenyewe. Aliporudi nyumbani aliendelea kumsindikiza mama yake sinagogini kwa sababu ya heshima na upendo, lakini moyoni mwake mahali pa Mungu palikuwa patupu.

Pamoja na hayo, kitu kimoja hakikuondoka. Edith hakuacha kuamini kwamba liko jema na liko baya, na kwamba kulitenda jema ni wajibu usiotegemea kama mtu anapenda au hapendi. Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu alitetea haki ya wanawake kupiga kura, akawafundisha wenzake waliohitaji msaada, na alikuwa mkali kwa kila alichokiona kuwa uzembe au hila. Ukali huo ulikuwa na kasoro yake. Rafiki mmoja, alipokuwa akimuaga, alimweleza kwa upole kwamba amekuwa mkosoaji kupita kiasi. Maneno hayo yalimchoma. Miaka mingi baadaye, akiandika habari za ujana wake, alikiri kwamba wakati ule alijiona kuwa mtu asiye na dosari, na kwamba hali hiyo huwapata mara nyingi wale wanaoishi kwa maadili ya juu bila imani. Tunaona kwamba maungamo hayo yana uzito mkubwa katika swali letu, ingawa na sisi tunaosali tusijione tumesalimika na ugonjwa huo.

Mwaka 1913 alihamia Göttingen ili asome falsafa kwa Profesa Edmund Husserl. Ni vema tueleze kidogo kilichomvuta huko, maana ndicho kiini cha habari yetu. Katika miaka ile wasomi wengi walifundisha kwamba hata kanuni za mantiki ni mazoea tu ya akili ya binadamu. Kwamba laiti akili zetu zingeumbwa vingine, ukweli nao ungekuwa vingine. Husserl alilipinga wazo hilo katika kitabu chake kikubwa cha miaka ya 1900 na 1901. Alifundisha kwamba kweli haitungwi na anayeifikiri, bali anaikuta. Mwalimu mwingine aliyesikilizwa sana na wanafunzi wale, Max Scheler, alilipeleka wazo hilo katika maadili. Kwake yeye, ukatili si mbaya kwa sababu tunauchukia. Tunauchukia kwa sababu ni mbaya. Thamani ya jambo ipo hata kama kijiji kizima hakiioni, kama vile rangi ya ua isivyopotea kwa sababu ya kipofu.

Scheler wakati huo alikuwa akiutetea Ukatoliki kwa ufasaha, ingawa maisha yake ya ndoa yalikuwa na mivurugiko na baadaye alijitenga na Kanisa. Ndivyo ilivyo: mtu aweza kuonyesha njia kwa kidole huku miguu yake ikielekea kwingine. Edith hakumfuata hadi kwenye imani. Alichukua jambo moja tu, kwamba waamini wanaweza kuwa wanaona kitu halisi, na kwamba msomi mkweli hana ruhusa ya kukidharau kabla hajakichunguza.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, alijitolea kuwa muuguzi. Mama yake alimkatalia kabisa, naye akaenda bila ridhaa yake, jambo lililomuumiza kila mmoja wao. Kuanzia Aprili 1915, kwa miezi kadhaa, alihudumu katika hospitali ya jeshi huko Mährisch-Weisskirchen, mji ambao leo upo nchini Jamhuri ya Cheki. Wagonjwa walikuwa askari wa mataifa na lugha nyingi za milki ya Austria na Hungaria, waliopatwa na magonjwa ya kuambukiza. Aliwaosha, akawalisha, akakesha nao usiku, na wengine akawaona wakifa. Siku moja, alipokuwa akikusanya vitu vichache vya askari aliyekuwa amefariki, kilidondoka kijikaratasi chenye sala ya kumwomba Mungu amlinde, ambacho marehemu alipewa na mke wake. Edith hakuwa akisali, lakini kijikaratasi hicho kilimgusa mpaka ndani.

Hebu tusimame hapa kidogo. Binti huyu hakutarajia thawabu ya mbinguni. Hakuogopa moto. Hakuna padri aliyemtuma, na familia yake ilimzuia. Ni nini basi kilichomfanya amwoshe mgonjwa asiyemfahamu, katika wodi ambayo kila siku ingeweza kumpa ugonjwa wake? Anayesema kwamba bila imani hakuna wema itambidi aseme kwamba wema huo haukuwa wema, na kusema hivyo ni uongo. Tena si mafundisho ya Kanisa. Mtume Paulo, katika sura ya pili ya Barua kwa Warumi, anafundisha kwamba mataifa wasio na Sheria huonyesha kwamba matakwa ya Sheria yameandikwa mioyoni mwao, dhamiri yao ikiwashuhudia. Nao Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et spes, namba 16, wanasema kwamba uaminifu kwa dhamiri unawaunganisha Wakristo na watu wengine wote katika kuutafuta ukweli.

Mwaka 1916 alipata shahada ya udaktari kwa sifa ya juu kabisa huko Freiburg. Utafiti wake ulihusu namna mtu anavyoweza kuhisi maumivu au furaha ya mwenzake ilhali si yake. Baada ya hapo alikuwa msaidizi wa Husserl hadi mwaka 1918, lakini milango ya kuwa mwalimu wa chuo kikuu ikafungwa mbele yake kwa sababu alikuwa mwanamke.

Imani ilimjia kwa hatua ndogondogo, na nyingi kati ya hizo hazikuwa hoja. Alipopitia Frankfurt aliingia katika Kanisa Kuu kama mtalii, akamwona mama mmoja ameingia na kikapu chake cha sokoni, akapiga magoti kidogo, akasali, akaenda zake. Edith alikuwa amezoea watu kwenda kwenye nyumba ya ibada kwa saa za ibada. Huyu alikwenda kama mtu anayepita kuzungumza na rafiki. Kisha, Novemba 1917, Adolf Reinach, mwalimu aliyempenda sana, aliuawa vitani huko Flanders. Edith alikwenda kupanga maandishi ya marehemu akihofia kumkuta mjane, Anna, amevunjika kabisa. Alimkuta amesimama. Wenzi hao walikuwa wamebatizwa mwaka uliotangulia katika Kanisa la Kiprotestanti, na nguvu ya Msalaba ndiyo iliyomshika mama yule. Edith alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo kutoamini kwake kulipobomoka.

Miaka minne zaidi ilipita. Katika kiangazi cha mwaka 1921, akiwa mgeni wa rafiki yake Hedwig Conrad-Martius huko Bergzabern, alichukua kitabu cha maisha ya Mtakatifu Teresa wa Avila, akakisoma usiku kucha. Alipokifunga alijua kwamba ameufikia ukweli. Akanunua Katekisimu na kitabu cha Misa, akajifunza, na tarehe 1 Januari 1922 akapokea Sakramenti ya Ubatizo katika parokia ya mji huo. Mama yake, ambaye watoto wake hawakuwa wamezoea kumwona akilia, alilia.

Tukiyatazama mafunzo aliyofuata, hasa kazi yake ya kutafsiri kwa Kijerumani maandishi ya Mtakatifu Thomas wa Akwino juu ya ukweli, tunaweza kusema alichokigundua. Jema alilokuwa akilijua bila kusali halikubadilika. Askari mgonjwa wa mwaka 1915 alistahili kuoshwa kabla ya ubatizo wa muuguzi wake na baada yake. Kilichobadilika ni kwamba alijua sasa wajibu ule ulikotoka. Mtu aweza kusoma vizuri kwa mwanga wa taa bila kuuliza mafuta yametoka wapi, na macho yake hayamdanganyi. Lakini taa haiwaki bila mafuta eti kwa sababu msomaji hakuuliza. Wema wa kweli hauhitaji kwanza tuamini ili tuujue. Unahitaji Mungu ili uwepo. Tunakiri kwamba hoja hii haimnyamazishi kila mtu. Wapo wanafalsafa makini wanaosema kwamba mema yapo tu, kama hesabu zilivyo, bila mwenye kuyaweka. Edith alikuwa amekaa miongoni mwao kwa miaka mingi, na hakuwadharau kamwe.

Mwaka 1933 swali liliacha kuwa la darasani. Serikali ya Adolf Hitler ilitunga sheria za kuwaondoa Wayahudi kazini, na Edith akapoteza nafasi yake ya kufundisha katika taasisi ya Kikatoliki huko Münster. Sheria ilikuwa halali kwa muhuri, wasomi wengi waliishangilia, na umati uliipigia makofi. Martin Heidegger, aliyelelewa katika Ukatoliki na aliyerithi kazi ya usaidizi wa Husserl baada ya Edith, alijiunga na chama cha Hitler mwezi Mei mwaka huo huo. Ikiwa jema ni lile ambalo taifa limekubaliana, basi hapakuwa na la kulalamikia. Mwezi Aprili Edith alimwandikia barua Papa Pio XI, akieleza mateso ya Wayahudi, akisema kwamba wanaotenda hayo wanajiita Wakristo, na akionya kwamba wanaonyamaza nao watabeba wajibu. Barua hiyo ilifunguliwa kwa watafiti mwaka 2003, na si rahisi kwetu Wakatoliki kuisoma bila kuinamisha kichwa. Wabatizwa wengi walitii sheria ile. Na wasioamini kadhaa walikufa wakiipinga. Mwaka 1937 Papa huyo aliandika kwa Kijerumani waraka wa Mit brennender Sorge, akifundisha kwamba sheria ya binadamu hupimwa kwa sheria ya Muumba iliyoandikwa moyoni, na kwamba manufaa ya taifa hayawezi kuufanya uovu uwe haki.

Oktoba 1933 Edith aliingia katika monasteri ya Wakarmeli ya Köln. Mama yake hakulikubali jambo hilo, naye alifariki Septemba 1936. Uvumi ulipoenea kwamba mama alibatizwa kabla ya kufa, Edith aliukanusha waziwazi: mama alibaki imara katika imani yake hadi mwisho, na binti alimtumainia Mungu kuhusu mama huyo bila wasiwasi.

Baada ya maduka na masinagogi ya Wayahudi kuvunjwa na kuchomwa Novemba 1938, alihamishiwa monasteri ya Echt nchini Uholanzi, na baadaye dada yake Rosa akamfuata. Tarehe 26 Julai 1942 barua ya maaskofu wa Uholanzi ya kupinga kuhamishwa kwa Wayahudi ilisomwa makanisani. Kisasi kikawaangukia Wakatoliki wenye asili ya Kiyahudi. Edith na Rosa walikamatwa tarehe 2 Agosti, wakapelekwa Amersfoort, kisha kambi ya Westerbork.

Walionusurika walisimulia kwamba huko Westerbork akina mama wengi walikuwa wamezidiwa na hofu kiasi cha kushindwa kuwaangalia watoto wao. Sista Teresa Benedikta aliwakusanya watoto hao, akawaosha, akawachana nywele, akahakikisha wamekula. Treni iliondoka tarehe 7 Agosti, naye aliuawa Auschwitz pamoja na Rosa siku mbili baadaye.