Susumu Ohno: Mpenda farasi aliyetufunza thamani ya jeni za spea

Ukiishi Galbet, punda si mgeni kwako. Anapita na mkokoteni wa maji na wewe hata humtazami mara mbili. Lakini kila seli ya mwili wake ina kromosomu 62. Farasi, binamu yake, ana 64. Wakizaliana, mtoto wao nyumbu (si wale wa Maasai Mara, hao ni wengine kabisa) anapata 63. Hesabu hiyo haigawanyiki kwa mbili, na ni sababu mojawapo ya nyumbu karibu wote kuwa tasa. Mnamo 1962 watafiti wa California walichapisha hesabu ya kromosomu za wanyama hao watatu. Mmoja wao alikuwa Mjapani aliyependa farasi kupita kiasi, Susumu Ohno.

Alizaliwa Februari 1928 mjini Seoul, Korea ikiwa bado chini ya Japani. Farasi walimwingia moyoni tangu utotoni, kama ngamia walivyowaingia vijana wengi wa huku kwetu. Kwa hivyo alisomea udaktari wa mifugo Tokyo, akahitimu 1949. Kama nyumbani wanakuambia hiyo ni kozi ya waliokosa alama za kutibu watu, waonyeshe makala haya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alivuka hadi Marekani, akaingia kituo cha utafiti cha City of Hope pale Duarte, California. Huko ndiko jina lake lilikojengeka. Mnamo 1959 yeye na wenzake walionyesha kwamba kile kidoa cheusi kinachoonekana kwa hadubini ndani ya seli za kike ni kromosomu X moja iliyojikunja ikakazwa. Wanawake wana X mbili, wanaume moja, na hapo ndipo watu walianza kuelewa jinsi mwili wa kike unavyosawazisha mambo.

Lakini kilichomfanya akumbukwe zaidi ni kitabu alichotoa 1970. Hebu fikiria una bodaboda moja. Huwezi kuifungua injini ujaribu mambo mapya, kwa sababu ukikosea, leo hakuna chakula. Sasa mtu akikupa ya pili inayofanana nayo? Moja inaendelea kuleta pesa, nyingine unaichokora utakavyo. Mara nyingi utaiharibu. Mara moja moja utatoka na kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Ohno alisema jeni zinafanya vivyo hivyo: seli ikikosea na kunakili jeni mara mbili, nakala ya pili inakuwa huru kubadilika. Akaenda mbali zaidi, akadai kwamba kuna wakati jenomu nzima ilijirudufu katika mababu wa wanyama wenye uti wa mgongo.

Najua neno mageuko huwafanya baadhi yetu wakunje uso. La imani mwulize sheikh. Mimi nakuambia yaliyopatikana maabarani. Mnamo 2008 jenomu ya amfioksi, kiumbe mdogo wa baharini asiye na uti wa mgongo, ilichapishwa. Sehemu nyingi ambazo yeye anazo mara moja, binadamu ana mabaki yake hadi mara nne, yaani kurudufu mara mbili, karibu kabisa na alivyowaza Ohno.

Kwa mimea ni rahisi zaidi, na ushahidi uko kwenye sahani yako. Ngano ya pasta ina seti nne za kromosomu, ile ya chapati ina sita. Ndiyo maana kuihariri kunatoa jasho. Mnamo 2014 watafiti wa China walitaka kuzima jeni inayoifungulia mlango kuvu ya ubwiri unga. Jeni hiyo ilikuwa na nakala tatu zinazofanana, na iliwabidi kuzivunja zote ndipo ngano iwe na kinga kamili.

Si kila alichosema kilipokelewa vizuri. Mwaka 1972 aliita sehemu kubwa ya DNA yetu takataka, na wanasayansi bado wanazozana kuhusu neno hilo. Baadaye alianza kugeuza herufi za DNA kuwa noti za muziki, akishirikiana na mkewe Midori, aliyekuwa mwimbaji. Wapo waliocheka. Alifariki Januari 2000 akiwa na umri wa miaka 71, miezi michache kabla ya rasimu ya jenomu ya binadamu kutangazwa Juni mwaka huohuo. Zana ya CRISPR ya kuhariri jeni ilikuja 2012, hakuiona.

Na hapa wazo lake linagusa watu wa kwetu. Jeni za hemoglobini ni ukoo mmoja uliotokana na kunakiliwa. Kuna uliyoitumia ukiwa tumboni mwa mama, kisha ikazimwa baada ya kuzaliwa, na nyingine ikachukua kazi. Kwa mgonjwa wa selimundu, hii ya pili ndiyo mbovu. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, hairekebishi jeni mbovu. Inachukua seli za uboho wa mgonjwa, inaharibu swichi inayoizima ile ya tumboni, kisha seli zinarudishwa. Spea inawaka tena.

Lakini kabla ya hapo mgonjwa hupewa dawa kali za kemotherapi na kulazwa kwa wiki kadhaa. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, karibu Sh280 milioni kwa mtu mmoja. Ugonjwa wenyewe umejaa Afrika, Kenya ikiwemo, hasa pwani na magharibi. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia ilitoa mwongozo wa kuhariri jenomu mwaka 2022, na katika Chuo Kikuu cha Kenyatta tayari wapo wanaohariri mtama ili ulishinde gugu la striga. Bado mtoto wa Kisumu au Kilifi mwenye selimundu anategemea vidonge vya haidroksiyurea, vikipatikana.